Maana Tano za Settle

Mwezi uliopita fundi mmoja alihamia nyuma ya nyumba yetu, akaanza kutengeneza mabenchi ya kanisa. Mimi si mtu wa kutoka. Wanaonijua husema kama soko lingekuwa na miguu ningeliomba lije lenyewe, na sikatai. Shida ni kwamba harufu nayo ina miguu. Asubuhi alipofungua kopo lake la kwanza la vanishi nilikuwa nachambua maharage, na mkono ukasimama hewani. Mimi, mama wa watoto watatu, niliyekaa kwenye mlango wangu mwenyewe hapa Nakivale, nilishikwa na hofu ya mtoto wa darasa la tano aliyesema kitu kisichorudishwa.

Ilinichukua mpaka maharage yaive kujua hofu hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye chumba cha ofisi moja huko Mbarara, kwenye benchi refu lililonuka vanishi, na kwenye neno moja la Kiingereza ambalo nilidhani ninalijua kuliko watu wote wa mtaa wetu. Neno lenyewe ni settle.

Wewe uliyekulia huku utakumbuka jinsi neno hilo lilivyotuzunguka. Ubao wa barabarani, ambao mbuzi walijikunia, ulituambia tunaishi kwenye settlement, makazi ya wakimbizi. Na watu wazima walikuwa na jingine refu zaidi, risetulimenti, walilolitaja kwa sauti ya chini, kama inavyotajwa mimba changa. Fulani amepata risetulimenti, anapelekwa kuishi ng'ambo. Haipiti muda nyumba ya fulani ina kufuli, majirani wamegawana masufuria, na mtoto mliyeruka naye kamba amekuwa picha kwenye simu ya mtu mwingine, amevaa koti kubwa kuliko yeye.

Siku simu ya Baba ilipolia tulikuwa shambani. Akasikiliza, akasema ndiyo mara sita, akakaa juu ya mpini wa jembe. Tumeitwa Mbarara kwa mahojiano, wiki ijayo, familia yote. Mama akauliza familia yote maana yake nani na nani. Wote tukaangalia upande wa nyumba ya Koko, isipokuwa Baba, ambaye hakuwa na desturi ya kuangalia upande ule.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Mama. Sisi tulitangulia kutoka Uvira. Yeye alifika miaka miwili baadaye, peke yake, akapokelewa kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana na kupewa kadi yake mwenyewe, kadi ya familia ya mtu mmoja. Kwa macho ya karatasi alikuwa jirani tu. Ili aende nasi kokote tutakakopelekwa, ilibidi ofisi ikubali kwamba anakaa kwetu, anakula kwetu, ni wetu. La sivyo sisi tungepanda ndege na yeye angebaki na mihogo yake. Hilo nililielewa bila kamusi.

Lakini kamusi nilikuwa nayo, na ndiyo iliyoniponza. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mrundi mmoja mpole aliyetufundisha akiwa na shati lile lile muhula mzima, alinipa yake jalada lilipodondoka. Ilianzia katikati ya D ikaishia T. Kurasa za R zilikuwa zimevutwa na wazee wa mtaa, maana karatasi yake nyembamba ilifaa kusokotea tumbaku. Kwa hiyo risetulimenti ilikwisha kwenda na moshi. Settle ilikuwepo, nzima, na alama ya kidole chenye mafuta pembeni. Kwa nusu kamusi hiyo nilijifanya mkalimani wa mtaa. Mtu akileta barua nisome, nilikohoa kwanza, kama daktari.

Nilikuta maana tano. Ya kwanza ilikuwa rahisi: kwenda mahali ukakaa mpaka pakawa kwako. Ya pili Mwalimu alinieleza kwa kikombe cha maji: tope linaposhuka na kutulia chini. Hilo nililijua vizuri. Maji yetu yalitoka ziwani na rangi ya chai, tukayaacha kwenye pipa mpaka tope likae, kisha Mama akateka ya juu polepole asije akalitibua. Ya tatu, kumaliza ugomvi. Ya nne, kulipa, niliiruka kwa sababu haikutuhusu. Hatukuwa na cha kulipia. Ya tano haikuwa tendo hata kidogo, ilikuwa kitu: benchi refu la mbao lenye mgongo. Nikamuuliza Mwalimu inawezekanaje neno moja liwe tope na liwe benchi. Akaniwekea kidole kwenye mabano madogo mwishoni, palipoandikwa neno la Kiingereza cha zamani sana, setl, na mbele yake, kiti.

"Hapo ndipo kwao," akasema. "Settle alizaliwa kiti. Hayo mengine ameyapata njiani."

Maelezo mazuri, kwa mtoto mtulivu. Mimi niliyabeba hadi nyumbani kama mtu anayebeba makaa ya moto kwenye jani, na kuanzia siku ile nikaanza kuogopa kwa mpangilio, kufuata namba. Maana ya pili ilinitesa kila nilipoteka maji. Niliona sisi ndio maji ya juu, tunatekwa taratibu na kumiminwa kwenye chombo kingine, na Koko ndiye anayebaki chini ya pipa. Maana ya tano ilinifanya niwaze benchi hilo lina nafasi ngapi. Sisi tulikuwa watano, na wadogo zangu wawili walikuwa wembamba, lakini Koko wa sita alikuwa mpana. Nikaanza kula nusu ya chakula changu ili nichukue nafasi ndogo, mpaka Mama akaninywesha dawa ya minyoo.

Iliyonikaba hasa ni ya tatu, kumaliza ugomvi. Kwetu kulikuwa na ugomvi, na mimi peke yangu ndiye niliyeonekana kuujali.

Baba na Koko hawakusemezana. Sikuwahi kuwasikia hata siku moja. Baba ndiye aliyemjengea Koko nyumba yake, na aliijenga ikiwa imetupa mgongo, mlango ukitazama mihogo. Wakikutana kwenye njia ya maji, Baba aliingia vichakani kama mwizi, na Koko, mwanamke aliyewahi kumfukuza nyoka kwa mwiko, alijifunika kitenge uso mzima akasimama mpaka apite. Hawakula pamoja. Baba hakumtaja kwa jina. Alisema "yule wa kule". Nami nilikuwa na mfano wa kulinganisha: kwa rafiki yangu, mtoto wa Warundi wa mtaa wa pili, bibi aliishi nyumba moja na baba yao, wakipigiana kelele kutwa nzima kuhusu redio. Haikunijia akilini kwamba bibi yule ndiye aliyemzaa baba yao.

Nikahitimisha, kama wanavyohitimisha wenye nusu kamusi, kwamba Baba anamchukia Koko na Koko anamchukia Baba. Kuuliza sikuuliza. Nyumbani kwetu mambo yaliyo wazi hayakuelezwa, na hili lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Wiki ile Baba alitufanyisha mazoezi ya mahojiano. Kila familia hapa hufanya hivyo, hata wenye ukweli mtupu, kwa sababu mtu akiulizwa ghafla hata siku ya kuzaliwa mwanawe inamtoroka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa ofisa. Tulitoka kwetu saa ngapi, tulilala wapi, nani alimbeba nani. Koko alifanyishwa mazoezi na Mama, kule kule kwake. Baba akatutaka tutaje majina ya watu wote wa nyumbani kwa mpangilio, mmoja mmoja, naye akawa anatusahihisha. Yeye mwenyewe hakutaja. Nililiona hilo, nikaliongeza kwenye ushahidi wangu.

Siku yenyewe gari la ofisi lilituchukua asubuhi. Koko alikaa mbele na dereva, Baba nyuma kabisa, na mimi nikatapika mara mbili kati yao. Ilikuwa safari yangu ya kwanza kwenda Mbarara, na mpaka leo sijaona sababu ya kushabikia safari.

Pale ofisini waliwagawa watu wazima. Mama aliingizwa chumba kimoja na wadogo zangu. Baba na Koko wakaitwa kingine. Mkalimani alikuwa ameenda kula. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akasema haina shida, yeye Kiswahili anakijua, baba yake alikuwa askari na yeye amekulia kambi ya jeshi ya Makenke. Lakini Kiswahili chake na cha Koko vilisalimiana tu, vikashindwa kuendelea. Akatoa kichwa mlangoni akauliza kama kuna mtu wa kusaidia. Mkalimani wa mtaa alikuwa pale kwenye korido. Nilikohoa.

Nikaingia, nikaliona. Refu, la mbao, lenye mgongo, linang'aa, vanishi bado inanuka. Maana ya tano ilikuwa imesimama mbele yangu kwa miguu minne. Kama hii ni kweli, nikawaza, basi kamusi haikosei, na ile ya tatu ni kweli pia. Tumeletwa hapa ili ugomvi umalizwe, na usipomalizwa Koko anabaki.

Ofisa akawaonyesha benchi. Koko akakaa mwisho kabisa, upande wa dirishani, akavuta kitenge mpaka puani. Baba hakukaa. Alikwenda kwenye kona akasimama, amegeukia kabati la mafaili kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mzee, kaa hapa na mama," ofisa akasema.

Baba akasema yuko sawa, asante.

"Wewe nakataa kukaa na yeye?"

Akasema hakatai. Lakini hakukaa. Ofisa akamtazama mgongo, akamtazama Koko, kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa sauti nzuri, sauti ya shangazi anayekaribia kukupa andazi.

"Hawa wawili iko na maneno?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo wiki nzima. Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa niliamini ugomvi hauwezi kumalizwa mpaka utajwe wote, nikautaja wote: mlango unaotazama mihogo, kukimbilia vichakani, chakula cha mbalimbali, yule wa kule. Nikasema hawajasemezana tangu nizaliwe. Niliyasema kwa ufasaha, bila kukwama popote. Sijawahi tena kuwa fasaha kiasi hicho.

Nilisikia Koko akivuta pumzi ndani ya kitenge. Mgongo wa Baba ukakaza, kisha ukashuka, kama wa mtu aliyeongezewa gunia juu ya gunia. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni lipi kati ya yote niliyosema.

Ofisa aliweka kalamu chini. Akamtaka Baba aeleze. Baba akaanza kusema kwamba kwetu sisi mukwe ni mutu wa… akaishia hapo. Leo najua kwamba kuieleza heshima ile mbele ya mwenyewe ni kuivunja nusu. Siku ile niliona tu mtu mwenye hatia.

"Mimi najua mambo ya wakwe," ofisa akasema. "Hata kwetu iko. Lakini hii karatasi hapana jua. Na mtoto wako amesema ni vita."

Akavaa miwani, akafungua ukurasa mwingine. Akasema fomu inataka mkuu wa familia ataje kwa mdomo wake kila mtu anayekaa naye. Baba akataja haraka haraka, bado amelitazama kabati: Mama, mimi, wadogo zangu, majina yote na ya ubatizo. Kalamu ikamfuata. Kisha ikasimama.

"Na huyu mama naitwa nani?"

Nje mtu alikuwa anaosha gari, nikasikia maji yakimwagika kwenye saruji. Nikafungua mdomo. Jina nililijua, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ofisa akainua kidole.

"Hapana wewe. Mzee."

Baba akauliza kama mama anaweza kutoka nje dakika moja tu. Ofisa akasema haiwezekani, mtu lazima atajwe akiwepo. Hakuwa na ubaya wowote, naapa. Alisema polepole kwamba kama mzee hajui jina la mtu anayesema anakaa naye, basi ataandika kwamba mama abaki na kadi yake. Akashika kalamu tayari kuandika. Niliona ncha yake ikigusa karatasi, na katika maisha yangu yote, pamoja na uzazi wa watoto watatu, sijaogopa kitu kama nilivyoogopa ncha ile.

Baba akaegemeza paji la uso kwenye kabati la bati. Jasho lilikuwa limemlowesha shati kuanzia mabega mpaka kiunoni.

"Nabintu," akasema.

Aliliambia kabati. Jina tupu, bila neno mama mbele yake wala chochote nyuma. Koko akajikunja kwenye benchi kana kwamba amerushiwa kitu. Ofisa hakuandika. Alikuwa anamtazama Koko, nami nikamtazama Koko, na kutoka ndani ya kitenge ikaja sauti ndogo ambayo ilikuwa yake lakini ya zamani sana, sauti ya msichana aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

"Niko."

Ofisa akavua miwani. Akasema pole mzee, pole mama, akaandika, akachovya muhuri kwenye wino, akagonga.

Jina lile lilikaa kwenye kadi yetu, mstari wa sita, mpaka tulipomzika Koko hapa hapa. Tuliitwa mara mbili nyingine, halafu simu ikanyamaza. Watu huniuliza kama inaniuma kwamba hatukuondoka. Mtu kama mimi, anayehesabu kwenda kisimani kuwa ni safari, ningefanya nini na ndege? Siku hizi nina kamusi nzima ndani ya simu, na nimekuta settle ina maana nyingine ambazo nusu yangu haikuwa nazo: ndege kutua kwenye tawi, tumbo lililochafuka kutulia, mtu kuridhika na kilichopo. Hiyo ya mwisho mume wangu hunitania nayo, anasema waliiandika baada ya kuniona.

Lakini mchana ule hatukuyajua hayo. Tulitoka nje, tukakaa uani kumsubiri Mama. Baba akaenda moja kwa moja nyuma ya tangi la maji, akakaa chini asionekane. Mimi nikasimama ukutani karibu na Koko, nalia kimyakimya, nikingoja anisukume. Hakunisukuma. Akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia nimesema mbele ya ofisi kwamba anachukiwa na Baba. Nikamwambia nilitaka wamalize.

Akakaza kitenge chake kichwani, nikawa na hakika kwamba sasa ni mimi ambaye hatasema naye maisha yote.

"We mutoto," akasema mwishowe, "baba yako njo alinijengea nyumba. Paa yangu aliimaliza kwanza, mbele ya yenu, mulilowa na mvua kwa sababu yangu. Kama alikuwa ananichukia, angeniita jina kila siku."

Akanieleza, kwa mara ya kwanza, jambo ambalo kila mtu alidhani ninalijua. Kwamba mwanaume akioa, jina la mama aliyemzalia mke analiweka mbali, halichezei, halitumi dukani. Kwamba anaingia vichakani ili mama asipate taabu ya kumpisha. Kwamba Baba alikuwa amelitunza jina lake tangu siku ya ndoa, akavuka nalo mpaka, akalala nalo njiani, bila kuligusa hata mara moja.

"Leo amelitosha kinywani kwa sababu yangu," akasema. Kisha akaongeza, ili nisijione nimesamehewa haraka sana, "Na kwa sababu ya mudomo wako."

Nikalia zaidi. Akaniacha nilie. Halafu akatazama upande wa tangi, akahakikisha Baba haonekani, akainama mpaka kitenge chake kikanifunika na mimi.

"Alisema namna gani?" akanong'ona. "Sema kama yeye."

Tangu mumewe afe, ukiwaondoa makarani wa mgao wa chakula, watu wote walimwita Koko au mama wa fulani. Nikalisema jina, kwa woga, kama mtu anayekanyaga daraja la kamba.

"Hapana vile. Yeye alivuta kwa mwisho, kama mutu wa kuita mbuzi."

Nikarudia, nikauvuta mwisho kama anayeita mbuzi jioni, machozi bado yananiingia mdomoni, na Koko, ndani ya kitenge, akaitika.